Saa yako inaona nini? Kutibu kasoro za picha za saa ya mkononi unapopiga nyumbani

Mteja wa Singida alinijibu kabla hata sijaweka simu chini. "Kaka, hiyo saa ina mikwaruzo minne ubavuni, mbona hukusema?" Nikaichukua saa, nikaigeuzageuza dirishani, sikuona kitu. Nikafungua picha niliyomtumia na kuikuza. Kweli, mistari minne myembamba, imenyooka, imeachana kwa nafasi sawa, imepita juu ya bodi iliyong'arishwa, yaani mwili wa chuma wa saa, kama mtu aliyeichora kwa rula.

Kesho yake nikaenda nayo kwa fundi saa pale soko la Majengo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Imesimama?"

"Inatembea vizuri. Naomba unitazamie mikwaruzo ubavuni."

Akaweka kioo chake jichoni, akaizungusha saa taratibu kati ya vidole viwili, kisha akaomba simu aione ile picha. Hakuitazama hata nusu dakika. "Dirisha lako lina nondo ngapi?"

Nne.

"Mkwaruzo huzunguka na saa," akasema. "Kivuli hubaki pale pale."

Tangu siku ile kila kasoro ya picha ya saa naianza na swali moja: saa hii inaona nini? Chuma kilichong'arishwa hakina sura yake, kinaonyesha sura ya kilicho mbele yake. Kioo ni hivyo hivyo. Ukipiga picha ya saa chumbani kwako hapa Dodoma, kwa kiasi kikubwa umepiga picha ya dirisha, dari, shati lako na simu yenyewe, vyote vimekunjwa ndani ya kitu chenye upana wa sentimita nne. Nayaandika haya kwa wauzaji wenzangu ambao wateja wao wako Dar, Mwanza au Tabora na hawataishika saa mpaka ishuke kwenye basi. Nimeyapanga kwa dalili, jinsi unavyoziona wewe kwenye simu.

Kipimo cha kufanya kabla ya vyote

Ukiona alama usiyoielewa, zungusha saa kidogo pale ilipo huku ukiangalia kwenye skrini. Alama ikizunguka pamoja na saa, iko kwenye saa: mkwaruzo, vumbi au alama ya kidole. Ikibaki upande uleule huku saa ikizunguka chini yake, ni kitu cha chumbani kinachojionyesha juu ya saa. Sasa isogeze simu. Alama ikienda na simu na kubaki kwenye kona ileile ya skrini, iko kwenye lenzi, futa lenzi. Inachukua sekunde kumi, na itakuepusha kusugua kwa nusu saa doa lisilokuwepo.

Dalili: weupe umetanda juu ya kioo, namba hazisomeki

Mwanga ukigonga kioo hurudi kwa pembe ileile uliyoingia nayo, kama mpira unavyodunda sakafuni. Kwa hiyo, kwa mahali ulipoiweka lenzi, kuna sehemu moja tu ya chumba ambayo kioo cha saa kinairudisha kwako. Sehemu hiyo ikiwa nyeupe au ina mwanga, umepata utando. Ikiwa nyeusi, uso wa saa unafunguka mpaka unaona vumbi lililoko kwenye mishale.

Usihangaike kukisia ni sehemu gani. Chukua kipande cha manila nyeusi, ukubwa wa daftari, kipitishe polepole kuzunguka saa huku macho yako yakiwa kwenye skrini. Kuna mahali kikifika weupe unazimika ghafla. Hapo ndipo alipo mwenye kosa. Mara nyingi utakuta ni dari, hasa dari zetu za jipsamu nyeupe, au ukuta wa pembeni uliopakwa rangi ya maziwa, au wewe mwenyewe na shati lako jeupe. Ukishamjua una njia tatu. Iache ile manila pale pale, umeiegemeza kwenye chupa ya maji. Au inamisha saa kidogo kwa kukunja karatasi na kuiingiza chini ya upande wa namba 6. Au hamisha meza ili mwanga uje ubavuni badala ya kuja kutoka upande ulio mkabala na simu.

Ukipiga kutoka juu moja kwa moja, saa inakutazama wewe na simu yako, utaona duara jeusi la lenzi limetua katikati ya uso. Toboa tundu la ukubwa wa lenzi kwenye manila nyeusi, ibandike nyuma ya simu kwa gundi ya karatasi, na piga kupitia tundu hilo. Flashi izime siku zote. Hakuna pembe ambayo flashi ya simu inafaa kwa saa.

Aina ya kioo nayo ina neno. Kioo cha kawaida hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga kwenye kila uso wake, kioo cha safaya, kile kigumu kisichokwaruzika kirahisi, karibu asilimia 8. Ndiyo maana unaweza kuweka saa mbili mezani, pembe ileile, mwanga uleule, moja ikatoka safi na nyingine imejaa dari. Baadhi ya saa za safaya zimepakwa utando wa kupunguza mng'ao, na hizo huacha rangi ya bluu au zambarau kwenye picha. Hiyo usiifute kwa programu. Mnunuzi anayejua saa anaitafuta.

Kioo kilichobinuka kama mgongo wa kobe ni kazi zaidi, kwa sababu kinaona karibu chumba kizima. Hapo manila moja haitoshi. Mimi huzungusha manila tatu kama kibanda na kuacha upande mmoja tu wazi kwa mwanga.

Watu huuliza kuhusu kichujio cha polaraiza, kile kioo cha kuweka mbele ya lenzi kupunguza mng'ao. Kinasaidia, na ukiwa na miwani ya jua yenye polaraiza unaweza kuishika mbele ya lenzi na kuizungusha mpaka mng'ao upungue. Kama hujui kama miwani yako ni ya aina hiyo, itazamie kikokotoo cha dukani huku ukiizungusha. Namba zikififia mpaka zikapotea, ni yenyewe. Ila ujue mipaka yake. Kwenye kioo inafanya kazi vizuri simu ikiwa imeinama nyuzi kama 55 kutoka wima. Ukipiga kutoka juu kabisa haifanyi kitu, na mng'ao wa chuma chenyewe hauuondoi. Nimeona watu wakinunua kichujio wakitegemea kitatibu bodi inayong'aa. Kitu cha kutibu bodi ni manila.

Dalili: chuma kimekufa, kinaonekana kama plastiki ya kijivu

Hii hutokea ukishazidisha dawa ya hapo juu. Umezungusha weusi kila upande, saa haina cha kuona. Au umefanya kinyume, umeiweka ndani ya boksi jeupe tupu, nalo chuma kimekosa mipaka, ukingo wa bodi umeyeyuka kwenye karatasi.

Chuma huonekana ni chuma pale cheupe kinapopakana na cheusi kwa mkato mkali. Kipe vyote viwili. Upande mmoja weka karatasi nyeupe ya A4 iliyosimama, upande wa pili ukanda mwembamba wa manila nyeusi, upana wa vidole viwili, karibu na saa lakini nje ya picha. Utaona kwenye ubavu wa bodi mstari mweusi uliokoza unaochora umbo lote, na juu yake weupe mtulivu. Sogeza ule ukanda sentimita moja, mstari unahama. Hapa ndipo pa kukaa. Heri nitumie dakika ishirini kwenye hatua hii kuliko dakika tano kwenye nyingine zote, maana ndipo saa ya kawaida kabisa inapopata heshima yake.

Dalili: mistari iliyonyooka kwenye bodi, au miraba

Nondo za dirisha. Nyumba zetu karibu zote zina nondo, na ubavu wa saa uliopinda unazikusanya zote hata kama dirisha liko mita mbili. Wavu wa mbu hauonekani ukiwa mbali, unapunguza mwanga tu.

Weka kitu cheupe kinachopitisha mwanga kati ya dirisha na saa. Shuka jeupe jepesi linatosha. Karatasi nyeupe ya kuokea keki ni nzuri zaidi, ila ina makunyanzi, na bodi iliyong'arishwa inayaonyesha makunyanzi hayo kama mishipa. Inyooshe kwa kuivuta kwenye fremu ya picha ya ukutani iliyotolewa kioo. Shuka lipigwe pasi. Na usilining'inize dirishani penyewe. Likigusana na nondo, jua la moja kwa moja linachora nondo juu ya shuka na umerudi ulikotoka. Liweke nusu mita kutoka dirishani, saa iwe sentimita ishirini au thelathini mbele ya shuka. Kadiri shuka linavyokuwa karibu na saa ndivyo mwanga unavyozidi kuwa mpana na laini.

Kuhusu wakati: Dodoma iko takribani nyuzi 6 kusini ya ikweta, jua la mchana linakaa karibu utosini na kivuli kinakuwa kifupi na kikali. Dirisha la kutumia ni lile ambalo jua haliingii. La mashariki litumie alasiri, la magharibi asubuhi, tuseme kati ya saa 3 na saa 5. Kupiga uani sikushauri hata siku yenye mawingu, kwa sababu ya dalili inayofuata.

Dalili: vitone vyeupe kila mahali, hata baada ya kufuta

Vumbi. Anayeishi hapa hahitaji kuelezwa. Mvua zikiisha karibu mwezi wa nne ardhi inakauka, na ule upepo wa kiangazi, hasa mwezi wa saba na wa nane, unaleta unga mwekundu mpaka ndani ya kabati lililofungwa. Kwa macho saa inaonekana safi. Ukiipiga kwa karibu, mwanga wa ubavuni unapiga kila chembe upande mmoja na kuiwasha kama taa. Mwanga uleule unaopendeza kwa chuma ndio unaolifichua vumbi, na huwezi kuwa na kimoja ukakosa kingine. Kwa hiyo dawa ni usafi wa chumba, kisha wa saa, kwa mpangilio huo.

Funga madirisha na feni nusu saa kabla. Usifagie, piga deki. Ufagio unaliinua vumbi na litatua juu ya saa dakika ishirini baadaye, wakati umeshapanga kila kitu. Meza ifute kwa kitambaa kibichi. Karatasi ya chini itoe kwenye pakiti wakati huo huo wa kupiga, ile iliyokaa juu ya kabati tangu jana imeshachafuka.

Saa yenyewe ianze kwa brashi laini mpya ya vipodozi, ukipitisha kwenye pembe za bodi na kati ya vipande vya cheni. Kisha puliza kwa kipira. Wenye kamera wana vipira vyao maalumu, mimi natumia kile cha duka la dawa cha kunyonyea kamasi za mtoto, kipya, ambacho hakijawahi kuguswa na kitu kingine. Kinapuliza hewa kavu pale unapolenga. Mdomo usiutumie kamwe, pumzi ina maji na vitone vya mate vinakauka vikaacha madoa ambayo ni mabaya kuliko vumbi. Baada ya hapo kitambaa cha miwani, kwa kugusa na kuinua, bila kusugua kwa nguvu. Chembe za mchanga zilizobaki chini ya kitambaa ndizo zinazokwaruza kioo. Malizia tena na kipira, na kuanzia hapo saa usiiguse kwa vidole vitupu, ishike kwa kitambaa pembeni.

Kioo cha akriliki, kile cha plastiki kilichoko kwenye saa nyingi za zamani, kina tabia yake. Ukikisugua kwa kitambaa kikavu kinapata chaji na kuvuta vumbi upya mbele ya macho yako. Kipe kitambaa unyevu kidogo sana, karibu usiuhisi mkononi, futa mara moja, subiri dakika, puliza.

Saa ya mtumba usiioshe kwa maji hata kama mgongoni imeandikwa inazuia maji. Mpira wa ndani unaozuia maji huzeeka, na ukungu ukiingia chini ya kioo umeharibu bidhaa na picha kwa pamoja. Na vumbi likiwa chini ya kioo, kipimo cha kuzungusha kitakuonyesha linazunguka na saa lakini halifutiki. Hilo ni la fundi, afungue nyuma. Kama hutaki gharama hiyo, liache lionekane na uliandike kwenye maelezo ya bidhaa.

Hapa niseme ninaloliamini. Kufuta kitone cha vumbi kwa programu ni sawa, kwa sababu mteja akiipokea saa hatalikuta. Kufuta mkwaruzo si sawa. Mkwaruzo ni sehemu ya saa anayoinunua, na anailipia bila kuishika. Mimi nikiwa na saa yenye mkwaruzo napiga picha moja ya ziada ya mkwaruzo wenyewe, mwanga umelazwa kabisa ubavuni ili uonekane vibaya kuliko ulivyo.

Dalili: rangi si yake

Sababu ya kwanza ni mianga miwili. Taa ya njano ya chumbani ina joto la rangi kati ya kelvini 2700 na 3000, mwanga wa mchana dirishani ni 5500 au zaidi. Simu haiwezi kuridhisha vyote viwili, upande mmoja wa saa unakuwa wa machungwa na mwingine wa bluu. Zima taa.

Sababu ya pili ni yetu wenyewe huku. Uani kwetu ni udongo mwekundu mtupu. Jua likiupiga, mwanga unaodunda kutoka chini unaingia dirishani na wekundu wake, na saa ya chuma cheupe inatoka na rangi ya shaba upande wa chini. Nilidhani kwa muda mrefu kwamba kamera yangu ni mbovu. Ziba nusu ya chini ya dirisha kwa karatasi nyeupe, uache mwanga wa juu tu, na ule wekundu unaondoka. Pazia la rangi linafanya kosa hilohilo, lisogeze lote.

Saa za dhahabu nazo humchanganya kompyuta wa simu: akiona njano nyingi anadhani ni taa ya njano, anaipoza, dhahabu inatoka kama bati. Fungua modi ya Pro, ile ya kupanga kamera mwenyewe, weka karatasi nyeupe mahali pa saa, rekebisha kelvini mpaka karatasi iwe nyeupe kweli, funga hapo, ndipo urudishe saa. Usibadilishe tena mpaka umalize saa zote za siku hiyo, ili mteja akizilinganisha zifanane.

Dalili: mistari mipana ya giza imelala kwenye picha

Unapiga usiku kwa taa ya LED. Umeme wa Tanzania ni wa hezi 50, na taa za bei nafuu huzimika na kuwaka mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, ila shata, yaani pazia la kamera linalofunguka kupitisha mwanga, ikiwa ya haraka inaona. Kwenye modi ya Pro weka kasi ya shata 1/100 au 1/50, mistari inatoweka. Taa ya betri, au taa ya sola inayotumia betri moja kwa moja, mara nyingi haina tatizo hili, hivyo umeme ukikatika si lazima kazi isimame.

Dalili: picha haina ukali

Kabla ya yote futa lenzi ya simu, imekaa mfukoni na jasho na vumbi.

Ikiwa bado, angalia ni nini hasa chenye ukali. Kuna kosa moja ambalo wengi hawalijui: simu inaweza kulenga kivuli cha dari kilicho kwenye kioo badala ya uso wa saa. Kivuli hicho, kwa hesabu ya lenzi, kiko mbali, mbali kama dari yenyewe. Hivyo unapata dari kali na namba zenye ukungu. Ondoa kwanza mng'ao kwa manila, kisha gusa skrini kwenye maandishi ya uso na ushikilie kidole mpaka fokasi ijifunge.

Kama namba 12 ni kali na 6 imefifia, umekaribia mno. Rudi nyuma. Simu nyingi siku hizi ukizisogeza karibu zinahamia zenyewe kwenye lenzi pana ya picha za karibu, ambayo aghalabu ni dhaifu kuliko lenzi kuu. Zima hilo kwenye mipangilio. Kwa wenye kamera ya lenzi ya kubadilisha, tundu la lenzi la f/8 hadi f/11 linatosha. Kufunga hadi f/22 ili kila kitu kiwe kikali kunarudisha ukungu kwa njia nyingine, maana mwanga unatawanyika ukipita kwenye tundu dogo mno.

Ikiwa kila kitu kimefifia kwa mwelekeo mmoja, ni mtikisiko. Mfuko wa mchele wa kilo moja, umeubonyeza katikati, unaishika simu vizuri kuliko stendi nyingi za bei ndogo. Weka taimu ya sekunde 3 ili kidole kiwe kimeshaondoka.

Dalili: saa imevimba upande mmoja

Lenzi kuu ya simu ni pana. Ukiiweka sentimita kumi kutoka kwenye saa, kilicho karibu kinakua na kilicho mbali kinasinyaa, kifungo cha pembeni kinakuwa kama pua. Kaa sentimita 30 au 40, tumia zumu ya 2x au ya 3x kama simu ina lenzi ya zumu. Hiyo tu.

Dalili: karatasi nyeupe imetoka kijivu

Kamera inapenda kila picha iwe na mwanga wa wastani, ikiona weupe mwingi inapunguza. Gusa skrini, buruta alama ya jua juu kidogo, kati ya +0.7 na +1.3, ukisimama kabla ukingo wa chuma haujamezwa. Kwa saa nyeusi juu ya kitambaa cheusi fanya kinyume.

Dalili: saa imelala hovyo, mishale imefunika jina

Cheni ikilazwa chini saa inainama inakotaka yenyewe. Kata kiini cha karatasi ya chooni, ukifungie cheni kama mkono, uso utasimama na kutazama lenzi.

Mishale ielekezwe 10 na 2, yaani saa nne na dakika kumi kwa hesabu yetu. Jina la kampuni liko chini ya 12 na tarehe mara nyingi iko 3, mkao huo unaviacha vyote wazi. Saa nyingi za betri zinasimama ukivuta kifungo cha pembeni, mshale wa sekunde hautembei na unaweza kupiga hata kwa shata ya polepole. Nyingine hazisimami: Seiko 5 zenye mashine ya 7S26, ambazo ni nyingi sana kwenye mitumba, mshale wa sekunde unaendelea hata kifungo kikivutwa. Kwa hizo ongeza mwanga na tumia shata ya haraka.

Tahadhari moja hapa, na ni ya saa yenyewe. Tarehe usiibadilishe kwa haraka wakati mashine iko kati ya saa 3 usiku na saa 9 usiku, yaani uso unaposoma 9 mpaka 3. Meno ya kubadili tarehe yanakuwa yameshikana na yanaweza kuvunjika. Peleka mishale kwanza chini, kwenye 6, badili tarehe, kisha urudi kwenye mkao wa picha.

Dalili: saa ya dijitali imekuwa nyeusi tupu

Umetumia polaraiza. Kioo cha dijitali kina polaraiza yake ndani, na zikikatana hakuna mwanga unaopita. Zungusha miwani au kichujio robo ya duara, namba zinarudi. Kwa Casio F-91W, ambayo iko sokoni tangu 1989 na inaigwa sana, napiga picha moja nikiwa nimeshikilia kitufe cha kulia sekunde tatu, kioo kinaandika jina la kampuni. Wateja wengi wanaijua alama hiyo na wanaiomba.

Dalili: kwangu ni kali, kwa mteja ina ukungu

Hapa saa haina kosa na chumba hakina kosa. WhatsApp inaipunguza picha ili isafiri haraka, na vitu vya kwanza kupotea ni maandishi madogo ya uso wa saa na ule mstari mweusi uliouhangaikia ubavuni. Tuma kama dokumenti badala ya picha, au chagua HD kabla ya kutuma. Kama mteja ana bando dogo, kata picha kwanza ibaki saa peke yake, ili pikseli zinazosafiri ziwe za saa na zisiwe za meza. Yule wa Singida nilimtumia upya kwa njia hiyo, picha mbili: moja shuka likiwa mbele ya dirisha, na moja bila shuka, nondo zote nne zikiwa zimesimama ubavuni, nikamwelekeza azihesabu. Aliichukua ile saa, na sasa akitumiwa picha yenye mstari ananiuliza kwanza kama nimesahau shuka.